Mpangaji wangu Mrundi hana karatasi: nimfiche au nimripoti?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina vyumba vya kupangisha Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Wapangaji wawili ni wanunuzi wa dagaa, Mkongo na Mrundi. Mkongo ana kibali. Mrundi kila nikimuuliza ananiambia "wiki ijayo". Wao wananilipa elfu themanini, wenyeji hamsini. Majirani wanasema wageni ndio wanaoleta ujambazi, mipaka ifungwe, nami nikinyamaza naisaliti nchi. Msikitini wananiambia ardhi yote ni ya Mungu, mpaka ni mambo ya wakoloni. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Kila upande umeshika nusu ya dini.

Ardhi kweli ni ya Mwenyezi Mungu, na Suratun Nisaa aya ya 97 inawalaumu walioonewa wakabaki ilhali waliweza kuhama. Waislamu wa kwanza, karibu mwaka 615, walikimbilia Uhabeshi (Ethiopia) kwa mfalme Mkristo, Najashi. Lakini tazama Najashi alivyofanya. Maquraishi, watawala wa Makka, walimfuata na zawadi wakitaka warudishiwe watu wao. Hakuwatoa. Aliwaita wakimbizi mbele yake, akawahoji, akamsikiliza msemaji wao, Jaafar bin Abi Talib, akisoma Suratu Maryam, ndipo akawapa amani. Zile zawadi akazirudisha, na hili nalitaja makusudi kwa wale wanaopenda kumaliza mambo kwa bahasha.

Tena Qur'ani ina sura nzima iitwayo Al-Mumtahina, yaani mwanamke anayefanyiwa mtihani. Aya ya 10 inaamuru wanawake waumini wanaokuja wakihama wafanyiwe mtihani, na papo hapo inasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi imani yao. Waumini, wamekimbia kwa ajili ya dini, na bado wanaulizwa! Basi kumuuliza mgeni karatasi hakumvunjii heshima.

Sisi wa kanda ya ziwa tulitakiwa kulijua hili bila kusomewa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, ndani ya siku moja, na Mto Kagera ukaleta maiti mpaka ziwani. Katika umati ule walikuwemo kina mama wenye watoto mgongoni, na walikuwemo waliotoka kuua. Njaa yao ilikuwa moja. Kufunga njia kungewaangamiza wale wa kwanza. Kutohoji kuliwapa hawa wa pili nafasi ya kujifanya wakubwa kambini.

Ila kuhoji ni kazi ya mamlaka. Majirani zako wasome Al-Hujurat aya ya 12: dhana nyingine ni dhambi, wala msipelelezane. Na wajue kwamba mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao. Huyo wanayemnyooshea kidole kwa lafudhi yake huenda anapiga kura kama wao. Mwizi akamatwe kwa wizi wake.

Sasa mpangaji wako. Tuliamrishwa kutimiza mikataba, Al-Maida aya ya 1, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, ni mkataba: inamfungulia Mrundi njia, na inaiachia serikali haki ya kuzuia kwa sababu za usalama. Njia ipo, aipite. Kumhifadhi mtu ukijua yupo kinyume cha sheria ni kosa, na usijitie hatiani kwa huruma. Mpe siku maalumu, mwende wote Uhamiaji. Akigoma, mrudishie kodi iliyobaki atoke, mchana, na mizigo yake. Akikwambia anahofia roho yake huko kwao, hukumu inabadilika: At-Tawba aya ya 6 inataka hata mshirikina aombaye hifadhi alindwe na afikishwe pahala pake pa amani. Huyo msindikize akaombe ukimbizi.

Umebaki wewe na elfu themanini zako, ambazo hukuziulizia. Mtume (s.a.w.) alikataza kuupokea msafara wa biashara njiani na kununua mali yake kabla haujajua bei ya soko, na akampa mwenye mali hiari ya kuvunja mauzo akishafika sokoni. Wanachuoni wanaona hapo katazo la kumpunja mgeni kwa sababu hajui bei. Ikiwa chumba ni kile kile na choo ni kile kile, waambie wapangaji wako wenzao wanalipa ngapi, kisha mkubaliane upya.

Wallahu a'lam.