Nina mimba changa, tui la nazi litaharibu moyo wa mtoto?

SWALI: Shikamoo dada. Nina mimba ya miezi miwili, naishi Ngamiani hapa Tanga kwa mama mkwe. Hapa kila kitu nazi, samaki nazi, mchicha nazi, maharage nazi. Wifi kaniambia mafuta yanaharibu moyo wa mtoto tumboni, tangu hapo nakula wali mkavu na mama mkwe kanuna. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Rudi ukale na mama mkwe. Wifi kachanganya mambo, mafuta kuziba mishipa ni habari ya watu wazima tena ya miaka mingi, mtoto tumboni ni kinyume kabisa, moyo wake unahitaji mafuta ili ujengeke.

Iko hivi, moyo hauanzi mmoja, unaanza vipande viwili, kulia na kushoto, halafu vinasogeleana vinaungana katikati, kwa binadamu ni kama siku ya 22 tangu mimba itunge, yaani kwako kazi hiyo iliisha pengine hata hujapima. Nani anaviita visogee? Hili lilionekana kwa samaki wadogo wa mistari wanaoitwa zebrafishi, mayai yao yanapitisha mwanga mpaka unaona moyo ukidunda ndani. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba samaki waliokosa kipokezi cha mafuta fulani yanayoitwa S1P, yaani sehemu ya seli inayoyapokea, wanabaki na mioyo miwili, mmoja huku mmoja kule, kila mmoja unadunda peke yake! Mimi nikilifikiria hilo nasisimka mwili. Mwaka 2009 likapatikana lango linalotoa S1P nje ya seli, nalo likiharibika ni mioyo miwili vilevile.

Mishipa pia. Panya wakikosa kipokezi kingine cha S1P, mishipa haivikwi misuli vizuri, damu inavuja, wanakufa kabla ya kuzaliwa.

Ila usianze kunywa tui kwa vikombe. S1P haitoki kwenye sahani, seli zinaitengeneza zenyewe kutoka kwenye mafuta ya utando wao. Kula nazi kwa kiasi, meza foliki asidi, kliniki usikose.

Cha kuogopa kweli ni vidonge vya chunusi vya isotretinoini, ni ndugu wa vitamini A na vinaharibu moyo wa mtoto kweli, kama unavyo acha leo leo na umwambie nesi.