Kwa nini mhusika huyu ana sanamu na yule hana? Jibu kwa mafundi wa Nyakato

Swali: Habari za kazi. Sisi ni vijana watatu, tuna karakana ndogo Nyakato, Mwanza. Kazi yetu ni mabango, na tuna printa mbili za 3D, moja ya waya na moja ya resini. Wateja wanatuletea picha za wahusika wa katuni za Kijapani, wengine wa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa, wanataka sanamu ndogo za kuweka mezani. Kinachotushangaza ni kwamba tamthilia ambayo mtaa mzima unaijua haina hata sanamu moja, wakati katuni ambayo hapa hakuna anayeitaja ina sanamu sita. Makampuni makubwa yanachaguaje? Na sisi tukitaka kutoa toleo letu la kwanza tuchague nini, na leseni inapatikanaje?

Jibu: Ndugu zangu wa Nyakato, umaarufu mnaouona mtaani una uzito mdogo katika uamuzi huo. Mtengenezaji huanza na swali moja: gharama za kuanza zitagawanywa kwa vipande vingapi, na ana uhakika gani kwamba vipande hivyo vitanunuliwa? Vigezo vingine vyote vinarudi hapo, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Sanamu ya kiwandani hupigwa kwa plastiki ya PVC na ABS ndani ya moldi ya chuma, yaani kalibu inayoipa plastiki umbo. Mhusika mmoja mwenye viungo vinavyojikunja anaweza kula makumi ya maelfu ya dola kwenye moldi kabla kipande cha kwanza hakijauzwa. Chukueni dola 60,000 kama mfano. Zikiuzwa sanamu 5,000, kila moja imebeba dola 12 za moldi. Zikiuzwa 500, kila moja imebeba dola 120, na hapo hujalipia plastiki, rangi, boksi, meli wala mwenye hadithi. Mhusika mwenye mashabiki 500 walio tayari kulipa hukosa sanamu ya plastiki kwa sababu hiyo. Akibahatika, hupata ya resini iliyomiminwa kwa mkono kwa bei kali.

Njia ya kupunguza mzigo huo ni kutumia moldi moja kwa wahusika wengi. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilizileta sokoni roboti za kuchezea ziitwazo Transformers, na nyingi kati ya zile za mwanzo zilikuwa roboti za kampuni ya Takara ya Japani ambazo moldi zake zilikuwapo tayari. Majina na hadithi vilikuja baadaye. Roboti watatu wa Transformers, Starscream, Thundercracker na Skywarp, ni moldi ileile kwa rangi tatu. Good Smile Company ya Japani nayo imetoa Nendoroid tangu 2006, sanamu za kichwa kikubwa zenye urefu wa sentimita 10 hivi, ambazo nyuso zake hubadilishwa. Chapa, yaani hadithi pamoja na wahusika wake, yenye askari wenye silaha zinazofanana, roboti, au wanafunzi watano waliovaa yunifomu moja humvutia mtengenezaji kuliko hadithi nzuri yenye mhusika mmoja tu wa kukumbukwa. Hiyo katuni yenu isiyojulikana huenda ilipata sanamu sita kwa sababu hiyo: ukishalipia wa kwanza, wanaofuata wanakuwa nafuu, na mkusanyaji aliyenunua mmoja hapendi kuacha pengo kwenye rafu.

Kuna pia umbo. Sanamu ya kipimo cha 1/12 ina urefu wa sentimita 15 hivi, na kichwa chake ni kama sentimita 2. Kwa ukubwa huo uso hausomeki ukiwa mbali. Kinachosomeka ni nywele, silaha, joho, kofia. Fanyeni jaribio hili: chukueni picha ya mhusika, mjazeni weusi mtupu, mpunguzeni hadi urefu wa sentimita 3, kisha muulizeni mtu anayeijua hadithi huyo ni nani. Akisita, mhusika huyo ni mgumu kuuzika kama sanamu, hata awe anapendwa vipi.

Tamthilia nyingi za Kikorea zinaanguka hapo. Watu kumi wa ikulu wamevaa mavazi yanayokaribiana, na anayewatofautisha ni mwigizaji. Ukihitaji sura ya mwigizaji, leseni ya studio peke yake mara nyingi haitoshi. Inabidi mwigizaji au wakala wake akubali pia, na mara nyingi ana haki ya kurudisha kichwa kikachongwe upya mpaka aridhike. Mhusika aliyechorwa hana usumbufu huo. Ongezeni jambo moja linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa: tamthilia iliyotafsiriwa na kuangaliwa kwenye kibanda au kupitishwa kwa flashi haiingii kwenye ripoti yoyote ya mauzo. Mwenye haki akifungua hesabu zake, Mwanza haimo. Anaona Japani, Marekani, China na Ulaya, na huko ndiko anakowapimia wateja wake.

Sasa leseni. Mkataba wa kawaida una mrabaha, yaani asilimia ya bei ya jumla, mara nyingi kati ya 8 na 15, pamoja na kiwango cha chini ambacho mtengenezaji atalipa hata asipouza kitu, na sehemu yake hutangulizwa. Mkataba pia hukata haki vipandevipande: aina ya bidhaa, kipimo cha sanamu, nchi za kuuzia na muda, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Kampuni moja inaweza kushika sanamu za sentimita 15 na nyingine zile za sentimita 30 za chapa hiyohiyo. Ndiyo maana wakati mwingine mtengenezaji anaitaka chapa, pesa anayo, na bado hawezi kuigusa: kipande anachokitaka kina mwenyewe.

Baada ya kusaini, kila hatua inapelekwa kwa mwenye haki: mchoro, uchongaji, sampuli ya rangi, boksi, na kipande cha kwanza kutoka kiwandani. Kutoka mchoro hadi rafuni ni miezi 12 hadi 18. Hatari ya muda huo ilionekana wazi kwa filamu ya Star Wars. Kampuni ya Mego iliikataa leseni, Kenner ikaichukua, filamu ikatoka Mei 1977 na kuvuma, na Krismasi ilipofika Kenner ilikuwa haina sanamu za kuuza. Iliuza bahasha ya kadi yenye cheti, na sanamu zenyewe zikawafikia wateja mwaka 1978. Ile ilikuwa bahati ya chapa kubwa. Chapa ndogo ikichelewa mwaka mzima inakuta watu wamehamia kwingine.

Siku hizi wengi hawakubali kubahatisha. Hasbro ilianza mwaka 2018 kuuza kabla ya kutengeneza: ilitangaza jahazi kubwa la Jabba, mhusika wa Star Wars, kwa dola 499.99, ikasema bila oda 5,000 halitatengenezwa, na oda zikapita 8,000. Kinyume chake ni Funko, kampuni ya sanamu ndogo ya Marekani, ambayo mwaka 2023 ilitangaza kuteketeza mzigo wa thamani ya dola milioni 30 hadi 36, kwa kuwa kuuhifadhi kulizidi faida yake. Hata mwenye leseni nyingi sana anaweza kuzalisha kupita soko.

Turudi Nyakato. Nawapa hesabu ya mfano, nanyi mweke bei zenu. Tuseme kuchonga, kuchapisha sanamu mama (ile ya kwanza inayotumika kutengeneza moldi), moldi za silikoni na usanifu wa boksi vimekula shilingi 1,200,000. Kila sanamu ina gharama ya 20,000 kwa resini, rangi, kazi na boksi, na mnaiuza 45,000. Mkiuza wenyewe mnabaki na 25,000, kwa hiyo gharama ya kuanza inarudi kwenye sanamu ya 48. Mkimpa mwenye duka kwa 30,000 mnabaki na 10,000, na mnahitaji sanamu 120. Ongezeni mrabaha wa asilimia 10 ya bei hiyo ya jumla, 3,000, na mnahitaji 172. Bado kuna kiwango cha chini. Mwenye haki akidai dola 10,000 tu, kwa mfano wa shilingi 2,600 kwa dola hiyo ni milioni 26, na kwa mrabaha wa 3,000 mtaifikia baada ya sanamu 8,667. Karakana ya watu watatu haifiki huko. Sioni sababu ya ninyi kutumia miezi sita kuandikia Tokyo kwa toleo la kwanza.

Wajapani wenyewe wanalijua tatizo hili la mafundi wadogo. Kwenye maonyesho ya sanamu ya Wonder Festival, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, wenye haki hutoa ruhusa ya siku moja: fundi anaomba mapema, anapeleka picha za kazi yake, anakubaliwa idadi fulani, anauza siku hiyo ukumbini, na ruhusa inaisha. Hapa kwetu hakuna utaratibu kama huo, ila wazo lake mnaweza kuliomba kwa Mtanzania mwenye haki: ruhusa ya toleo moja, vipande 60, sehemu moja ya kuuzia, mrabaha unaolipwa baada ya mauzo, bila kiwango cha chini. Mchoraji wa katuni au msanii wa hapa anaweza kukubali masharti hayo kwa sababu hayamfungi.

Kuchonga mhusika wa mtu na kumbadilisha jina au rangi ya nguo hakuwaokoi. Bado ni kazi yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ulinzi wake unadumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nembo ya klabu ya mpira ni hivyohivyo, inahitaji barua ya klabu. Na kwa mchezaji, ombeni pia ridhaa yake mwenyewe. Kwa toleo la kwanza ningeanza na Pamba Jiji kabla ya Simba au Yanga. Mashabiki ni wachache, lakini klabu iko mjini kwenu na uongozi wake mnaweza kuufuata kwa daladala.

Chaguo langu hasa lingekuwa Wasukuma wenyewe. Bagika na Bagalu ni makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi za waasisi wake, Ngika na Gumha. Ushindani unauza vitu viwiliviwili. Mwili mmoja wa mchezaji, vichwa viwili, mikono ya kubadilisha na vifaa tofauti (nyoka, nungunungu, jembe la ngoma ya bugobogobo) unawapa sanamu sita kwa moldi chache. Tarehe ya kutoa ipo pia: Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mnamo Juni, ambako wapenzi wa ngoma wanakusanyika. Zimwi Shing'weng'we aliyemeza watu hadi kijana Masala Kulangwa akampasua tumbo ni mhusika bora kabisa kwa jaribio la kivuli, na tumbo linaloweza kufunguka ni kitu cha kuuza. Angalieni tu kwamba sheria hiyohiyo inalinda sanaa za jadi: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali. Anzeni BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania), na pale Bujora muulize vifaa vipi vya kimila havifai kufanywa pambo.

Uwezo wa karakana nao unachagua mhusika. Sanamu ya sentimita 12 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 90, ndani ya boksi la 8 × 8 × 16, inataka karibu kilo 1 ya silikoni, na moldi hiyo itatoa vipande 20 hadi 40 kabla haijaanza kuchanika. Kwa toleo la 60 wekeni bajeti ya moldi tatu. Vidole vilivyopanuka na nywele zilizopinda kwa ndani ndivyo vinavyoichana mapema. Mkuki wa resini utavunjika mikononi mwa mteja. Tumieni spoku ya baiskeli ya milimita 2, na mchoro uache tundu lake.

Sanamu mama ikitoka kwenye printa ya resini, ioshwe, ianikwe kwenye mwanga wa UV hadi ikauke kabisa, kisha ipuliziwe vanishi. Bila hivyo silikoni ya platinamu haitaganda pale inapoigusa. Itabaki inanata, na kilo nzima imepotea. Silikoni ya bati haina shida hiyo, ingawa moldi yake haihifadhiki miaka mingi. Resini ya kumimina haitaki unyevu, na kando ya ziwa unyevu upo: kopo lililofunguliwa lifungwe mara moja, la sivyo vipande vitatoka na mapovu. Vaeni glavu na barakoa ya kemikali, fungueni madirisha. Mkitumia pampu ya kuvuta hewa, msiitilie shaka geji ikigoma kupita inchi 26 za zebaki. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kuvuta inaishia hapo.

Kabla ya kununua silikoni, chapisheni sanamu mama tatu za wahusika watatu tofauti, zipakeni rangi vizuri, zipigeni picha, mfungue oda kwa wiki tatu kwa kianzio cha asilimia 50. Andikeni kwenye risiti kwamba bila oda 48 kianzio kinarudishwa chote, na pesa hiyo ikae kwenye akaunti yake peke yake. Mhusika atakayefika 48 ndiye mnayemtengeneza. Akikosekana, warudishieni watu fedha zao wiki hiyohiyo, kwa sababu ndio watakaowawekea oda mara ya pili.