Hela ya serikali kwa ajili ya watoto watukutu: iombeni, ila iombeeni watu

Nimekaa kamati ya nidhamu miaka mingi na maombi ya ruzuku nimesaidia kuandika mengi tu, mengine yamepita mengine yamerudishwa, na kuna kitu nakiona kila mara. Hela ikishaingia, shule inakimbilia vitu. Kamera, geti jipya, semina ya siku mbili yenye posho, mabango ya nidhamu ya rangi. Halafu wiki inayofuata mtoto yuleyule karusha kiti tena na hiyo kamera yenyewe imemrekodi vizuri kabisa.

Mtoto msumbufu anahitaji mtu mzima mwenye muda. Muda ndio shule haina, na muda ndio kitu cha kuombea hela: mwalimu msaidizi, mshauri nasaha anayekuja siku zinazojulikana na sio akipata nafasi, au hata vipindi kupunguzwa kwa mwalimu mmoja anayeelewana na hao watoto ili aweze kukaa nao asubuhi kabla hawajaingia darasani, jioni wakaangalie pamoja siku ilikwendaje.

Sasa, kabla ya fomu, daftari. Sio lile daftari la makosa ambalo limejaa "mkorofi", "hana adabu", "kamtukana mwalimu", hilo halisaidii mtu. Andikeni saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mfano: saa nne na robo, kipindi cha kusoma, mwalimu anaita majina ya kusoma kwa sauti, kijana kasukuma meza ya mwenzake, katolewa nje, kakaa kwenye ngazi hadi kengele. Mistari kama hiyo ikijaa ukurasa mnaanza kuona wenyewe. Kijana mmoja tuliyemfuatilia hivyo, kwenye hesabu alikuwa anatulia tuli, ila kwenye kusoma zamu yake ikikaribia tu balaa linaanza, na kila akitolewa nje anapata alichokuwa anakitaka, yaani asisome. Ile adhabu yetu ilikuwa ndio zawadi yake! Kwenye kikao mwenzangu mmoja akatoa ile ya samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia sawa mwalimu, ila huyu kashakunjwa kila upande na bado hajui kuunganisha silabi, tumfundisheni kwanza. Kwa hiyo ombi likabadilika kabisa, tulikuwa tunafikiria mtaalamu wa saikolojia kumbe tunamhitaji mtu wa kumfundisha kusoma.

Hii ya kuangalia kinachotangulia na kinachofuata sio kitu nimebuni mimi. Marekani wameiweka hadi kwenye sheria yao ya elimu kwa watoto wenye ulemavu tangu marekebisho ya 1997: mtoto akiondolewa shuleni zaidi ya siku 10 na ikaonekana tabia yake inatokana na ulemavu wake, shule inatakiwa ichunguze chanzo na imtengenezee mpango. Ila msidhani kwa sababu ni Marekani basi hela imejaa, ile sheria ilipoanza 1975 serikali kuu iliahidi kutoa, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini, na haijawahi kufika huko hata mwaka mmoja. Uingereza nako shule zinatarajiwa kutoa pauni 6,000 za mwanzo kwa mwaka kwa mtoto anayehitaji msaada wa ziada, ndipo ziende kuomba nyongeza halmashauri. Kwa hiyo mkiona mnazungushwa msijione mna mkosi peke yenu.

Jambo lingine, na hapa ndipo panapoharibika sana: angalieni hela inafuata nini. Kama inafuata jina la ugonjwa au ulemavu, shule zitaanza kutafuta majina, na mtoto aliyefiwa, au anayelala na njaa, au asiyesoma ubao vizuri kwa sababu ya macho, hatapata kitu maana hana cheti. Kama inafuata idadi ya matukio, hapo msishangae shule yenye vurugu nyingi kwenye makaratasi ikawa ndiyo inayopendelewa, na ile iliyohangaika ikapunguza vurugu ikanyang'anywa mshauri wake. Ukiwa mzazi kwenye bodi hilo swali liulize mapema, tena kwa sauti, walimu wengi wanaliogopa.

Halafu kuna mambo hayahitaji ruzuku, yafanyeni kabla. Madarasa mawili yanapishana kwenye korido nyembamba muda uleule, badilisheni ratiba. Mchezo wa kugawa darasa kwenye timu, timu inayofuata kanuni inapata kitu kidogo, umefanyiwa utafiti tangu 1969 na hauna gharama ya kutisha. Wanaopitia maombi wakiona mmeshajaribu hivi, na daftari linaonyesha nani bado amebaki palepale, wanawasikiliza. Andikeni na kipimo kinachohesabika: kwa sasa anatolewa darasani mara ngapi kwa wiki, mnataka ishuke hadi ngapi, na lini. "Kuboresha nidhamu" sio kipimo jamani.

Na kwenye bajeti wekeni mstari wa mwaka wa pili. Ruzuku nyingi zina mwisho, mshauri analetwa, mtoto anamzoea, anaanza kumwambia vitu ambavyo hata mama yake hajui, mara mkataba umeisha na mtu kaondoka bila hata kuaga. Kwa mtoto ambaye watu wazima wameshamkimbia hapo nyuma, hilo linauma kuliko kama asingeletewa mtu kabisa. Kama hamna uhakika wa mwaka wa pili, bora hela hiyo imfundishe mwalimu ambaye tayari ameajiriwa hapo na mtamkuta hapo mwakani.