Ukihesabu ajira za utalii, hesabu siku za kazi

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa chuo aliniandikia akitaka kujua atumie dodoso gani kupima ajira zinazoletwa na utalii mjini Moshi. Mdogo wangu, dodoso si tatizo. Takwimu hizi huharibiwa na kuhesabu majina badala ya siku za kazi.

Nilipoifanya kazi hiyo katika njia ya Machame ya kupandia Mlima Kilimanjaro, nilikusanya orodha za wapagazi kutoka kwenye kampuni, kisha nikaenda getini kwenye mzani, kwa kuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, haruhusiwi kubeba mzigo unaozidi kilo 20. Nilimwuliza kijana mmoja kwenye foleni ni wa kampuni gani, naye akaniuliza, "Ya leo au ya wiki iliyopita?" Jina lake lilikuwamo katika orodha tatu, hivyo makaratasi yalimfanya watu watatu wenye ajira. Mgumu akipanda safari 10 kwa mwaka, za siku 7 kila moja, anapata siku 70, yaani robo tu ya mwaka wa kazi wa siku 280.

Walioniagiza ripoti walichukua majina, siku wakaziacha, na idadi ile nono ikasomwa jukwaani huku nimekaa safu ya nyuma. Mpaka leo sijaimeza. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2008 kuhusu akaunti za utalii unataka ajira zioneshwe pia kwa saa za kazi au kwa usawa wa kazi ya muda kamili, yaani siku zote zigeuzwe kuwa kazi kamili za mwaka mzima; sikuyatunga mimi.

Ajira zisizo za moja kwa moja zinahitaji uangalifu uleule. Mama anayeuza kabichi soko la Mbuyuni huwauzia wapishi wa mlimani, lakini huwauzia pia majirani, kwa hiyo mhesabie utalii ile sehemu ya mauzo inayopanda mlimani tu. Asiyetaka kumwuliza mama huyo mauzo yake asijiite mtafiti.

Na usiende Julai peke yake, wakati mageti yamefurika. Nenda pia Aprili, masika yakiwa yamekolea na wageni wamepungua, uwatafute wagumu walewale mashambani na kwenye vijiwe vya bodaboda, kisha uwaulize siku walizolipwa, kampuni kwa kampuni. Msimamizi wako akilalamika kwamba idadi imekuwa ndogo, mpe daftari la siku alijumlishe mwenyewe.