Kwa nini mzee alipimwa shingoni na kwenye kinena

Dada, uliuliza kwa nini mzee aliwekewa vipimo shingoni na kwenye kinena. Walikuwa wanapima kasi ya wimbi la mpigo. Moyo ukisukuma damu, wimbi hupita kwenye kuta za mishipa. Ukuta ukikakamaa, wimbi hukimbia zaidi. Wanapima umbali wa moja kwa moja kati ya sehemu hizo, wanachukua asilimia 80 yake, wanagawa kwa muda ambao wimbi limechelewa kufika kwenye kinena kuliko shingoni. Mfano, sentimita 60 huwa 48. Likichelewa sekunde 0.06, kasi ni mita 8 kwa sekunde. Ikizidi 10, mshipa mkuu huhesabiwa umekakamaa. Ila presha ikipanda siku hiyo, kasi nayo hupanda, kwa hiyo siku nyingine tafadhali mzee apumzike kwanza dakika 10 na asiguse kahawa wala sigara kabla ya kupimwa.