Maswali ya baiskeli: valvu ipi kwa safari ndefu za huku kwetu?

Maswali yaliyokuja safari hii karibu yote ni ya valvu za tyubu, kitu kidogo ambacho watu hawakiangalii mpaka tairi limelala porini, kwa hiyo leo nayajibu yote hapahapa.

Nimechukua baiskeli ya mtumba Mwanjelwa, ina valvu nyembamba yenye kinati kidogo juu. Nataka kwenda nayo Njombe mpaka Songea. Niiache au niweke valvu kama ya pikipiki? (Kaka wa Uyole)

Kaka, kabla hujanunua chochote toa tairi uangalie tundu la ringi, tundu ndo linaamua. Hiyo nyembamba inaitwa Presta, tundu lake ni kama milimita 6 na nusu, ya pikipiki ni Schrader, yenyewe inataka milimita 8 na kidogo. Kama tundu lako tayari ni kubwa na mwenye baiskeli wa kwanza alibanabana Presta humo, we weka Schrader leo hii wala usijiulize. Kama ni dogo usimwachie fundi apige drili tu, maana zile ringi nyembamba za resi ukitanua tundu unazipunguzia nguvu na wewe unabeba mzigo. Ringi pana za mauntenibaiki zinavumilia, ila baada ya kutoboa apitishe tupa laini ndogo kwenye kingo zote, ukingo ukibaki mkali unakata tyubu shingoni.

Kwa nini naipenda Schrader kwa safari za huku? Sio kwamba ndo valvu bora duniani, Presta inashika upepo vizuri tu na inakubali presha kubwa. Ni kwa sababu kuanzia hapo Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, mpaka Makambako na kuendelea Njombe, popote penye kijiwe cha bodaboda pana pampu ya Schrader, na hata kile kisindano cha ndani kikiharibika unachukua cha pikipiki unafunga unaondoka. Mi mwenyewe nilikwama mbele ya Igawa na Presta, ile ncha ilipinda nikiwa napiga pampu kwa haraka afu ikakatika, tyubu ya akiba sikuwa nayo, nikasukuma baiskeli na mizigo yake jua lote lile na kila fundi niliyempata njiani ananiambia valvu hii sina. Ile siku sijaisahau.

Ukilazimika kubaki na Presta basi beba tyubu mbili za akiba, na kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake ili pampu ya pikipiki ishike. Na kabla ya kujaza legeza kinati cha juu, bonyeza mara moja isikike pss, ndo uanze.

Phoenix yangu naijaza asubuhi, jioni tairi chini, na pancha tumetafuta kwenye beseni la maji hatuioni. (Mzee wa Ilula)

Shikamoo mzee wangu. Hapo mi nashuku mpira wa valvu. Valvu ya Phoenix ni Dunlop, wengine wanaiita Woods, ni ya zamani sana maana Dunlop alitoa tairi lake la upepo 1888 kule Belfast na Woods akaleta valvu hiyo miaka michache baadaye. Ukifungua nati unatoa kijiti chenye katundu ubavuni, na hako katundu kanafunikwa na kampira. Mpira huo ukizeeka unakauka unapasuka, upepo unarudi polepole. Tia mate mdomoni mwa valvu, ukiona povu umempata mwizi. Vua mpira wa zamani, lowesha mpya kwa mate uteleze vizuri, usitumie mafuta kabisa yanauoza. Na vipande viwili vitatu viwe mfukoni muda wote mzee wangu, havina uzito.

Naweza kujaza upepo sheli kwenye kompresa ya magari? (Dada wa Mafinga)

Kama ni Schrader ndiyo dada, ila gusa uachie, gusa uachie. Tyubu ya baiskeli ni ndogo, inajaa haraka na inaweza kupasuka mkononi. Soma PSI, yaani kipimo cha presha, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, usiipite, na la nyuma lizidi la mbele kidogo kwa sababu mzigo uko huko.

Nikitoka Kyela kupanda Kitulo nipunguze upepo? Nasikia juu tairi linavimba. (Mwalimu wa Tukuyu)

Mwalimu, ulichosikia kina ukweli. Kyela iko kama mita 500 juu ya bahari, Kitulo inapita 2,600, hewa ya nje inakuwa nyepesi na tairi linajiona limejaa zaidi kwa kama PSI 3. Lakini si unaijua baridi ya kule, nayo inapunguza presha karibu kiasi hichohicho. Acha kama ilivyo. Cha kuogopa zaidi ni kushuka, hasa mkishukia Matamba kuja Chimala kwenye zile kona 57, maana breki za ringi zinapasha ringi moto na tyubu imo humo ndani. Simameni mara kwa mara zipoe.

Tyubu zangu zinachanika shingoni mwa valvu tu, fundi anasema tyubu za siku hizi mbovu. (Kijana wa Njombe)

Mdogo wangu, tyubu kuchanika kila mara sehemu ileile sio bahati mbaya. Wengi mnaenda na upepo mdogo na mzigo mkubwa, ukikaba breki tairi linateleza kwenye ringi, linaburuta tyubu, shingo inavutwa. Pitisha kidole kwenye tundu la ringi pia kama pana ukali, na ile nati ya chini usiikaze na plaizi, vidole vinatosha. Kiraka hapo shingoni hakishiki, usipoteze solusheni yako. Na kila asubuhi kabla ya kuondoka tazama valvu zote mbili, ukikuta imelala upande toa upepo wote, sukuma tairi na mikono mpaka valvu isimame wima, ndo ujaze tena.