Heshima ya polisi inaanzia pale kaunta ya OB, lile buku la kuandikia matukio kituoni

Nimeufuata huu uzi wa mjadala hapa mtandaoni tangu jana. Aliyeuanzisha anauliza mbona vijana wa siku hizi hawana adabu na polisi, zamani karao (polisi) akikatiza mtaani baraza lote linanyamaza. Ndugu yangu, mi nlikuwepo hizo zamani hapa Mombasa na nakwambia ule ulikuwa woga mtupu, tulikuwa twakimbia hata hatuna kosa.

Nimeendesha tuktuk miaka 11 kwa hivo polisi nakutana nao kila siku, wazuri na wabaya. Na sisemi kwa chuki manake shemeji yangu, mume wa dadangu, ni konstebo.

Mwaka 2016 niliibiwa betri na redio ya tuktuk usiku, nikaenda kituo kimoja hapa mjini, jina niliache. Afande wa zamu anachezea simu. Nikamsalimu, kimya. Nikamsalimu tena ndo akasema "sema" bila kuinua macho. Nikaeleza, akanambia kwani wewe ulilala wapi ukaacha tuktuk nje, halafu nikiomba abstract, ile karatasi ya kuthibitisha umeripoti, akasema kuna pesa ya karatasi, na nyuma ya kichwa chake pameandikwa ukutani huduma zote za polisi ni bure, herufi kubwa kabisa! Nikatoa mia tano manake bila ile karatasi tajiri wangu angenikata mimi. Betri sikuipata na sikuitarajia, wezi ni wengi, lakini yale macho yake kwenye simu sijayasahau mpaka leo.

Sasa sikilizeni hii ya pili. 2021 kulikuwa na msako Kisauni, wakabebwa vijana wote waliokuwa wamekaa barazani, mpwa wangu ndani, alikuwa kidato cha nne. Dadangu akalia usiku kucha, saa kumi na moja alfajiri tukafika kituoni (si kile cha kwanza, kingine) tayari nimeshakopa pesa kwa sababu najua mambo yanavyokwenda. Pale kaunta tukamkuta sajenti mmoja mwanamke, mtu wa bara. Akamwambia dadangu "mama, pole, vuta hicho kiti ukae." Akafungua lile buku la OB, kalamu imefungwa kwa uzi, akawa anawaita wale vijana mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja anamuuliza askari aliyemleta, huyu kosa lake ni gani? Askari anasema walikuwa wamekaa. Akamuuliza tena, kukaa na nini? Kimya. Wale wasiokuwa na kosa akawatoa pale pale, wawili waliokutwa na visu akawabakisha, na wazazi wao akawaeleza kwa Kiswahili cha polepole kwamba watafikishwa kortini kabla saa 24 hazijaisha na kwamba ni haki yao kuambiwa wameshikwa kwa nini. Hio ni kifungu cha 49 cha katiba, mimi nlikisikia kwa mara ya kwanza kwa mdomo wa polisi! Hakuomba shilingi. Mama wa mmoja wa wale wawili wa visu alimshukuru kwa mikono miwili na mwanawe bado yuko seli.

Ndo nikamuuliza shemeji, nyinyi huko Kiganjo, chuo cha polisi, mlifundishwa nini? Akasema gwaride alilopiga mpaka leo akisikia filimbi miguu inajipanga yenyewe, kukimbia, shabaha, sheria za darasani pia zilikuwepo. Lakini kukaa na mama aliyeibiwa ukamsikiliza hadi mwisho, ama kumtuliza kijana mwenye hasira bila kirungu, anasema hayo yalipitiwa mbio mbio. Halafu alipofika kituo chake cha kwanza mkubwa mmoja akamwambia ya Kiganjo yaache Kiganjo, hapa kazi inafanywa hivi. Hapo ndo naona pameoza. Kijana anaiva kwa yule anayemkuta kaunta, na huyo wa kaunta hakuna anayemrudisha darasani.

Wenzetu Norwe polisi anasoma miaka mitatu, shahada kabisa, na kwa miaka mingi doria yao ya kawaida bunduki ilikaa imefungiwa garini. Sisemi tuige kila kitu, pesa hatuna. Lakini sisi katiba ya 2010 kifungu cha 244 tayari inasema wafunzwe kiwango cha juu na waheshimu haki za watu, jopo la Ransley la kurekebisha polisi likatoa ripoti 2009, la Maraga likaja na yake 2023, mapendekezo yamejaa kabati. Katikati hapo ikaja Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu wakapigwa virungu na vitoa machozi pale feri ya Likoni na saa moja jioni, saa ya kafyu kuanza, bado haijafika, wanakimbilia kuvuka waende makwao. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaomba msamaha baadaye. Mtoto aliyemuona babake akilazwa chini pale, wewe umwambie amuheshimu nani?

Na nyumba jamani. Shemeji alikaa miaka miwili chumba kimoja na familia ya mwenzake, katikati pazia. Mtu halali, asubuhi apewe bunduki. Hilo pia lihesabiwe kwenye hayo mafunzo.

Mwaka jana jirani yetu kaibiwa bodaboda. Vijana wa barazani, wale wale wa msako, swali lao la kwanza lilikuwa yule mama yuko zamu leo? Mpwa wangu akawajibu alihamishwa. Jirani akageuza akarudi ndani, hajaripoti mpaka leo.